"Ana Akili" na "Anajitahidi": Uzito wa Sifa Tunazowapa Watoto

Ripoti za shule zinapofika nyumbani, wazazi wengi wa Mbeya, kuanzia Mwanjelwa hadi Tukuyu, huanza na swali moja: umekuwa wa ngapi? Aliyeongoza huambiwa ana akili kama babu yake; aliyeshika mkia, ikiwa mzazi hataki kumvunja moyo, huambiwa anajitahidi. Maneno hayo mawili yanastahili kupimwa, kwa sababu kila moja humtwisha mtoto mzigo wake.

Wanaoipinga sifa ya akili wana ushahidi mzito. Mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa darasa la tano. Baada ya mafumbo ya kwanza, baadhi ya watoto walisifiwa kwa akili zao na wengine kwa bidii yao, kisha wote wakapewa mafumbo magumu yaliyowashinda. Waliporudishiwa mafumbo ya kiwango cha mwanzo, waliosifiwa akili walishuka, ilhali wenzao wa bidii walipanda. Tena, walipotakiwa kuwaandikia watoto wa shule nyingine alama walizopata, takriban wanne katika kila kumi wa kundi la akili walidanganya.

Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu Uyole. Mpwa wangu, aliyeitwa "kichwa" tangu chekechea, alipofika kwenye kujumlisha sehemu zenye asili tofauti alianza kuficha daftari chini ya godoro. Nilipolichomoa nilikuta ukurasa umetoboka kwa kufutwafutwa. Hakuwa mvivu, aliogopa kwamba swali moja likimshinda, ile akili aliyosifiwa itaonekana haikuwapo.

Hata hivyo, vipawa vipo, na serikali yenyewe hutumia matokeo ya darasa la saba kuchagua wanafunzi wa shule za vipaji maalumu kama Mzumbe, Ilboru na Kilakala. Isitoshe, uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumlisha tafiti nyingi ulionyesha kwamba kuwafundisha wanafunzi kuwa akili hukuzwa huinua matokeo yao kwa kiasi kidogo tu.

Kwetu upo ugumu mwingine, nao uko katika lugha yenyewe. "Anajitahidi" limekuwa neno la kumfariji aliyeshindwa. Ni nadra kumwambia hivyo mtoto aliyeongoza, na watoto wanalijua hilo mapema kuliko tunavyodhani. Naye anayeandikiwa "ongeza bidii" kila muhula, ilhali anaamka alfajiri kuchota maji, anapalilia viazi jioni na darasani wanagombania kitabu kimoja, anabebeshwa peke yake kosa ambalo si lake peke yake. Hilo hunisikitisha kuliko hata sifa ya akili.

Kwa maoni yangu, kinachofaa kusifiwa ni namna mtoto alivyoifanya kazi yenyewe, na shambani tunalijua hilo siku zote. Mama anayepanda viazi Isyonje hamwambii binti yake kwamba ana kipaji cha jembe. Humwonyesha kwamba matuta ya leo yamenyooka na mbegu zimefunikwa vizuri, ila lile la mwisho alirudie. Nilijaribu njia hiyo kwa mpwa wangu. Nilimwomba anieleze, hatua kwa hatua, alivyolifanya lile swali la ukurasa uliotoboka, naye akasema alijumlisha asili kwa asili na kiasi kwa kiasi. Nikamsifu kwa kunieleza wazi, tukachukua ukurasa mpya na kuanzia hapo.