Suruali Iliponisaliti Krujë

Viatu alininunulia Mama Salma. Naliweka hilo mezani mapema, maana anayo simulizi yake ya mkasa huu na humo ndani mwenye makosa ni mimi. Vilikuwa vya ngozi, vyeusi, soli nyororo. "Makumbusho ya watu hatwendi na ndala, Baba Salma," aliniambia, nami nikatii, kwa amani ya nyumba.

Sisi tunaishi Bari, kusini mwa Italia. Pale ukipanda meli ya usiku, asubuhi unaamkia Durrës, Albania. Kutoka huko tukasafiri kwa furgon, ambayo ni daladala kwa kila hali: haina ratiba, inaondoka ikijaa, na dereva anaongea na simu kwenye kona kali.

Krujë imekaa ubavuni mwa mlima, mita kama 600 juu ya bahari. Kuifikia ngome yake unapita soko la zamani, maduka ya mbao huku na huku, na katikati njia ya mawe yaliyosuguliwa na nyayo za vizazi hadi yanang'aa. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Wanauza mazulia, kofia nyeupe za sufu ziitwazo qeleshe, bendera nyekundu zenye tai wa vichwa viwili, na visahani vya majivu ya sigara vyenye umbo la handaki. Hilo la handaki si utani wa bure: Enver Hoxha, aliyeitawala Albania hadi alipofariki 1985, aliijaza nchi mahandaki ya zege kwa maelfu, akiwasubiri maadui ambao hawakutokea.

Nilikuwa nanyoosha mkono nikichukue kisahani kimoja. Mguu wa kulia ukabaki Krujë, wa kushoto ukaanza safari ya kurudi Durrës. Mwili haukuumia. Suruali ndiyo iliyolia, kraaa, kuanzia chini ya mkanda hadi karibu na goti, na soko zima likageuka.

Mwenye duka, mama wa makamo, alinivuta ndani kabla sijajua nifunike wapi. Kiitaliano alikuwa nacho, kama wengi wa rika lake waliojifunza kwa kutazama televisheni ya Italia kwa kuibia enzi za Hoxha. Suruali ikapelekwa kwa kaka yake, fundi cherehani mzee, mlango wa tatu. Mimi je? Akashusha kutoka ukutani fustanella, vazi la kale la wanaume wa huku: sketi nyeupe yenye mapindo mengi, inaishia magotini. Juu yake kizibao cha nakshi, na qeleshe kichwani.

Mimi mtu wa Tanga, msuli si mgeni kwangu. Lakini msuli una staha, unashuka mpaka kwenye vifundo. Hili lilinusa upepo tu likataka kuruka.

"Kukodi, elfu kumi," akasema yule mama.

Lek 100 ni kama euro 1. Mama Salma akapiga hesabu, akashika kifua. "Euro mia? Kwa sketi? Baba Salma, vua, utembee hivyo hivyo!" Yule mama akacheka, akachomoa kwenye pesa zetu noti moja ya lek 1,000, basi. Kumbe mwaka 1965 serikali ilifuta sufuri moja kwenye fedha yao, na watu wengi mpaka leo bei wanaitaja na sufuri yake.

Tukapita kwa fundi. Mama Salma akaonyesha suruali kwa kidole: tayari? Mzee akatikisa kichwa kwa upole, kulia kushoto. Bado. Basi tukapanda ngomeni.

Ngome hii ndiyo ya shujaa wa Waalbania, Skanderbeg, Gjergj Kastrioti kwa jina lake, aliyewasumbua Waturuki kwa miaka 25 tangu 1443. Waliizingira Krujë mwaka 1450, wakarudi 1466, wakarudi tena 1467, na mara zote wakaondoka mikono mitupu. Waliipata 1478, yeye akiwa kaburini miaka 10. Jengo la makumbusho ukiliona utadhani ni la zama zake, lilifunguliwa 1982. Hata kofia yake ya chuma yenye kichwa cha mbuzi iliyomo ni nakala, ya asili iko Vienna.

Haya yote niliyasoma kwa taabu, mkono mmoja umekamata sketi. Nje ya mlango likashuka kundi la wazee wa Kiitaliano kutoka kwenye basi. Wakaniona. Kamera zikatoka. Mmoja akaniuliza saa ngapi maelezo yanaanza, na kwa kuwa tarehe nilikuwa nazo za moto moto kichwani, na wao walikuwa wametega masikio, nikaanza. Nilieleza vizuri tu, bwana. Nilipofika kwenye kuzingirwa kwa tatu, bibi mmoja alikuwa anafuta machozi.

Mwishoni akanijia mzee wa Calabria. Yeye ni Muarbëreshë, kizazi cha Waalbania waliokimbilia Italia baada ya Skanderbeg kufa na nchi kuchukuliwa. Maisha yake yote, alisema, alitamani kuja kuona nchi ya mababu. Akanitazama juu mpaka chini: kofia, kizibao, sketi. "Na wewe," akauliza taratibu, "ukoo wenu ulibaki huku?"

Mama Salma alilazimika kwenda kukaa nyuma ya ukuta.

Nikamwambia ukweli, Tanga, suruali, kila kitu. Alicheka mpaka akaning'inia begani kwangu, kisha akanibandika euro 5 kiganjani. Wenzake wakaona ndio utaratibu. Mama Salma aliyerudi kutoka ukutani ndiye aliyezipokea zilizobaki, na sijaziona tena.

Tukarudi kwa fundi. Akatikisa kichwa. Tukaenda kunywa kahawa, watoto wa shule wakanipiga picha, tukarudi. Akatikisa tena, safari hii kwa hasira, akaita dada yake. Ndipo tukaelezwa: kwa wazee wa huku, kutikisa kichwa ni ndiyo, na kuitikia kwa kukiinamisha ni hapana. Suruali ilikuwa imekunjwa rafuni tangu tulipouliza mara ya kwanza.

Wakati navaa, yule mama akaniambia wageni walioniona ngomeni wameshuka wakitaka nguo kama zangu, hajapata kukodisha hivyo. Nije na kesho, bure, na buti za kienyeji zenye vishada atanipa.

Nikatikisa kichwa kwa nguvu zangu zote.

Akapiga makofi, akaingia stoo kutafuta buti. Na Mama Salma, badala ya kunitetea, akamfuata hadi mlangoni kumtajia namba ya mguu wangu.