Mgeni wa Karamu Ni wa Kuulizwa, Si wa Kupigiwa Makofi

Juzi, wakati wa mapumziko ya mchana kazini, mwenzetu mmoja alitupa swali ambalo huku ughaibuni watu wanalipenda sana: ungepewa nafasi ya kuwaalika watu wowote waliowahi kuishi duniani, waje mle pamoja chakula cha usiku, ungemwalika nani? Hakuna aliyeshangaa. Majibu walikuwa nayo mfukoni: Einstein, Leonardo da Vinci, Cleopatra, Newton. Zamu yangu ilipofika nikasema al-Biruni na Siti binti Saad. Kimya kidogo, kisha wakaanza. Hao ni akina nani? Waliishi lini? Kwa nini hao na si wengine? Ungewauliza nini? Nikawaeleza: mmoja ni mwanachuoni wa Asia ya Kati wa miaka elfu moja iliyopita, mwingine mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Tulirudi kazini tumechelewa.

Jioni nikalipeleka swali lilelile kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo. Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira hiyo ndiyo imenikalisha kuandika.

Majina yalikuja kwa kasi, hilo siwezi kulikana. Marais waliotangulia mbele ya haki, Alexander wa Makedonia, Genghis Khan, Mansa Musa yule mfalme tajiri wa Mali ya kale. Kila jina limekuja na cheo chake. Nikauliza: haya, ameshakuja, ameketi, utamuuliza nini? Binamu yangu akajibu, "Nimuulize nini tena? Nitamshukuru kwa kuja." Shangazi akasema yeye angemkabidhi shida zetu, moja baada ya nyingine, na asingemruhusu kuondoka bila ahadi. Mjomba, ambaye namheshimu sana, akafunga mjadala: "Mwanangu, mkubwa haulizwi maswali. Mkubwa husikilizwa."

Ndugu zangu, hapo ndipo tunapopishana na hawa watu wa huku. Huku mgeni wa kuwaziwa huchaguliwa ili aulizwe. Sisi tunamchagua ili tumpe heshima, au ili tumpe mzigo wetu. Tunapewa ruhusa ya kumwita yeyote, tangu binadamu aanze kutembea kwa miguu miwili, na tunachokifanya ni kujitafutia mgeni rasmi. Mnajua itakavyokuwa: utambulisho, itifaki, neno la shukrani, kisha mkubwa aseme na sisi tutikise vichwa. Hotuba hizo tumezisikiliza tangu darasa la kwanza, tukiwa tumesimama juani. Hata katika ndoto tumuite tena mtu wa kutuhutubia?

Najua mtakachosema. "Ameshafika huko, sasa anatuona washamba." Hapana. Ningekuwa nawadharau nisingewatumia swali. Ningebaki nalo huku na watu wa huku. Nimelileta kwenu kwa sababu najua mazungumzo yanavyonoga kwenu. Huku watu wanajua kuuliza, lakini saa ikigonga wanainuka, hata kama habari iko katikati. Sisi tukianza habari hatuitupi mpaka imekwisha, na ikiisha kuna mtu ataianza upya kwa namna nyingine. Tuna uvumilivu wa kusikiliza, tuna kumbukumbu, tuna ulimi. Watu wenye vipaji hivyo kumwita Alexander ili wamshukuru kwa kuja! Inaniuma.

Na tumuangalie huyo Alexander. Mwaka 328 KK, huko Samarkand, alikuwa kwenye karamu na makamanda wake. Mvinyo ulikuwa umeshawapanda. Cleitus, ambaye miaka sita kabla alikuwa amemwokoa vitani, akamwambia mfalme maneno ambayo mfalme hakutaka kuyasikia. Alexander akachukua mkuki akamchoma, palepale kwenye karamu, mbele ya wageni wengine. Baadaye alilia sana, lakini Cleitus alikuwa ameshakufa. Huyo ndiye binamu yangu anataka aketi karibu na watoto wake.

Mtasema nimechagua mfano mbaya makusudi. Basi chukueni wa pili, ambao ni mzuri zaidi. Mwaka 1401, Timur, mtawala wa Asia ya Kati aliyeteka nchi nyingi, alipouzingira mji wa Damascus, Ibn Khaldun alikuwamo ndani. Mwanachuoni huyo, mtu mzima wa miaka karibu sabini, aliteremshwa kwa kamba kutoka ukutani ili akaonane na yule mshindi. Waliketi, kikaletwa chakula, akala. Na nani alikuwa akiuliza? Timur. Aliuliza habari za Maghreb, yaani Afrika ya Kaskazini alikotoka mgeni wake, miji yake ilivyokaa, umbali wake, mpaka akaagiza aandikiwe zote. Ibn Khaldun akajibu kwa adabu na kwa hadhari, akaandika alichoagizwa, akaondoka salama. Mjomba wangu angeisoma habari hii angesema: unaona, mwenye nguvu ndiye muulizaji. Ndiyo, mjomba, ndivyo ilivyokuwa, na mji uliporwa na kuchomwa baada ya hapo. Mimi namtaka yule aliyening'inia kwenye kamba, nimkalishe mahali ambapo hana wa kumwogopa, nimuulize ni nini alikiona usoni mwa Timur ambacho hakuthubutu kukiandika.

Sasa nisije nikaonekana nawapigia debe watu wa huku. Na wao wananichosha, kwa upande wao. Wanajua kuuliza lakini hawajui kuchagua. Wanachukua majina yaliyoandikwa kwenye fulana. Einstein sina neno naye, alipenda kucheka, na angekuja na fidla yake. Lakini Newton? Msaidizi wake, aliyeishi naye miaka kadhaa, alieleza kwamba mara nyingi alisahau kabisa kula, na kwamba alimwona akicheka mara moja tu. Umwalike mtu wa namna hiyo chakula cha usiku umemfanyia nini? Afadhali umpelekee karatasi na wino umwache peke yake. Na kama mnadhani huyo ndiye aliyezidi, yuko Henry Cavendish, mwanasayansi Mwingereza aliyepima uzito wa Dunia mwaka 1798 kwa mizani aliyoining'iniza kwenye chumba kilichofungwa. Aliwaogopa watu kiasi kwamba chakula chake alikiagiza kwa kikaratasi alichokiacha mezani ukumbini, ili asionane na mtumishi wa kike. Akili kubwa, naam. Mgeni, hapana.

Cleopatra ndiye anayeniumiza zaidi, kwa sababu huyo wamempata kwa sababu isiyo yake. Mwenzangu mmoja alipomtaja, wote walitabasamu, na nilijua wanawaza uzuri. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani aliyeandika zaidi ya miaka mia moja baada ya kifo cha malkia huyo, anasema uzuri wake haukuwa wa kumshangaza mtu. Kilichonasa watu kilikuwa mazungumzo yake. Anasema sauti yake ilikuwa kama kinanda cha nyuzi nyingi, ambacho aliweza kukigeuza kwa lugha yoyote aliyotaka. Alizungumza na Wahabeshi, Waarabu, Wayahudi, Washami na Waparthi, na mara chache sana alihitaji mkalimani. Wafalme wa ukoo wake waliomtangulia walitawala Misri karibu miaka mia tatu bila kujisumbua kujifunza Kimisri. Yeye alijifunza. Nawaambia, mwanamke huyo mezani angekuwa anauliza kuliko sisi sote.

Kuna mtu aliyelifikiria jambo la meza kwa kina kuliko wote hawa, naye ni Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Königsberg. Watu humdhania mkavu. Kumbe alipopata nyumba yake alikuwa anakaribisha wageni mezani karibu kila siku, saa saba mchana, na mara nyingi waliketi hadi alasiri. Aliamini kwamba kula peke yake kunamdhuru mwanafalsafa. Kanuni aliyoifuata ni kwamba watu mezani, pamoja na mwenyeji, wasipungue watatu wala wasizidi tisa: wakiwa wachache mno mazungumzo yanakauka, wakizidi kila mtu anaishia kunong'ona na jirani yake. Na yeye mwenyewe, bingwa wa falsafa, hakutaka falsafa yake izungumzwe pale. Aliwaita wafanyabiashara, maofisa, madaktari, akawauliza mambo yao. Huyo alielewa kwamba karamu ni ya wote walioketi. Sisi tungemfanya mgeni rasmi, angeondoka kabla ya chakula.

Kwenye kundi la ukoo, najua, haya yatapata majibu. Kuna atakayesema huu ni mchezo wa watu walioshiba, kwamba mwenye ada ya mtoto hajalipa hana muda wa kuwaza Cleopatra ameketi wapi. Ndugu yangu, ada nazijua, na unajua kwamba nazijua. Lakini ulikuwa na muda wa kutaja Genghis Khan na kumpamba kwa mistari mitano. Muda upo. Ninachoulizia ni mahali tunapoupeleka. Mwingine atasema wafu waachwe wapumzike. Nakubali, na simfukui mtu. Kumwaza aliyekufa na kujiuliza angejibu nini ni namna ya kumheshimu kuliko kumwimbia sifa zilezile kila mwaka mpaka hakuna anayekumbuka alifanya nini hasa. Na yupo atakayesema, "Wewe mwenyewe umekimbilia majina magumu ili uonekane umesoma." Siti binti Saad ni jina gumu? Kwa nani?

Hebu nimseme kidogo huyo, maana nyumbani alisifiwa na kuachwa, na huku hawajamsikia kabisa. Mzaliwa wa Fumba, Unguja, kwenye mwaka 1880 hivi, mtoto wa watu waliokuwa watumwa. Alizunguka akiuza vyungu. Hakujua kusoma wala kuandika. Nyimbo alizibeba kichwani. Taarabu ya jumba la sultani ilikuwa ya Kiarabu, yeye akaiimba kwa Kiswahili, akaingiza ndani yake habari za watu wa mitaani, kesi zilizoamuliwa kwa dhuluma, wanawake walioonewa. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Walimcheka kwa asili yake na kwa sura yake, naye akawajibu kwa kuimba. Akafariki mwaka 1950. Mwambieni mjomba kwamba huyu naye ni mkubwa, na kwamba nina maswali ya usiku mzima.

Basi meza yangu hii hapa. Siti upande mmoja na Cleopatra mbele yake, kwa sababu nataka kusikia wanawake wawili waliojua nguvu ya sauti wakipimana. Ibn Khaldun karibu na mlango, ajue kwamba anaweza kutoka wakati wowote bila kamba. Al-Biruni pembeni yangu. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa, namwita pia, ingawa yeye na al-Biruni waliwahi kubishana kwa barua kuhusu mafundisho ya Aristotle, na maneno yakawa makali hadi Ibn Sina akamwachia mwanafunzi wake aendelee kujibu. Wamalizie hapa, ana kwa ana. Pamoja nami tunakuwa sita, Kant hana la kulalamika.

Al-Biruni ndiye nitakayeanza naye. Aliishi chini ya sultani Mahmud wa Ghazni, ambaye majeshi yake yaliivamia India mara kwa mara, na yeye mwenyewe aliandika kwamba uvamizi huo uliwafanya Wahindi wawachukie watu wa upande wake. Pamoja na hayo aliketi na wanachuoni wao, akajifunza Sanskrit, lugha yao ya kale, akaandika juu ya dini yao na hesabu zao bila kuwatukana. Nitamuuliza ni nani hasa alikubali kumfundisha, siku ya kwanza alimwendea na maneno gani, na yule mwalimu alipoteza nini kwa watu wake kwa kumfungulia mlango.

Siti nitamuuliza alijisikiaje mara ya kwanza sauti yake ilipotoka kwenye santuri na yeye amekaa kimya.

Sasa zamu yenu. Mtajeni mnayemtaka, hata rais, hata Mansa Musa na ngamia wake wote. Lakini jina lije na swali, swali la kweli, ambalo hulijui jibu lake. Mjomba, naomba wewe uanze.