Turudishe boti za abiria Rufiji

Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, wengi wetu tunaujua Mto Rufiji kwa dakika moja tu: basi la kusini linapanda darajani, abiria wanachungulia maji ya udongo, basi linashuka. Hakuna anayekililia kivuko cha zamani cha Ndundu na foleni zake. Ila barabara ilipofunguka, mto tuliupa kisogo.

Mtalii naye anatua kwa ndege ndogo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, anapandishwa boti akaone viboko na mamba, kisha anaruka kurudi alikotoka. Fedha yake haiteremki na maji. Utete, mji ulio kando ya mto, haiioni, na vijiji vya delta ndiyo kabisa.

Ninachotaka ni boti ya abiria yenye ratiba, itoke Utete, ipite chini ya daraja, iingie delta na kuishia Nyamisati, ambako tayari kuna usafiri wa kwenda Kilindoni, Mafia. Iwe boti ya wenyeji kwanza. Mama na tenga lake la maembe akae benchi moja na mgeni, kwa sababu maisha hayo ndiyo mgeni aliyoyafuata: mashamba ya mpunga, madungu (vibanda vya shambani) yaliyoinuliwa juu ya nguzo, kisha mikoko inayofunga pande zote mbili mpaka baharini.

Na historia ipo. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha humo. Meli kubwa za Waingereza zilishindwa kuifuata mpaka Julai 1915, zilipoletwa Severn na Mersey, zilizoweza kuelea kwenye maji machache. Mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, watu wanaupiga picha. Mto ulikotokea mzinga huo hauna hata boti ya kumfikisha mtu.

Atakayejenga boti aikumbuke Severn. Nilisafiri delta mara moja kwa boti ya kukodi. Mbele alisimama kijana na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, anachoma maji na kutangaza kina: "Kifua... kiuno... goti!" Kwenye goti nahodha akazima injini, lakini tulikuwa tumeshapanda fungu la mchanga. Tukakaa pale saa mbili tukingoja maji yajae. Bibi mmoja akaniambia, "Fungu hili mwaka jana halikuwapo, mwanangu." Mchanga wa Rufiji unahama, ramani ya mwaka jana haikufai kitu.

Kwa hiyo ratiba ya huku chini haiwezi kuwa ya saa mbili asubuhi kila siku. Itafuata mwezi, bamvua (maji yanapojaa sana) na maji mafu (yanapojaa kidogo), na ibandikwe gatini wiki nzima kabla. Safari mbili kwa wiki zinatosha kuanzia. Chombo kikaguliwe na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na kila abiria avae jaketi okozi. Katika safari yangu ile halikuwamo hata moja, na mamba tuliwaona kwa macho. Hapo sina mjadala.

Nauli ya mwenyeji iwe ndogo, mgeni alipe zaidi, na tofauti hiyo ndiyo inunue mafuta. Tena wasituletee manahodha wa kujifunza mto ukubwani. Yule kijana wa pondo anaujua kwa mikono yake. Apelekwe mafunzo, apewe cheti, aajiriwe wa kwanza.