Nyimbo 20 kwa Mpigo: Nani Anazimaliza Huku Mtwara?

Ijumaa moja asubuhi, kijiweni kwetu karibu na stendi ya Chipuputa, dereva mmoja wa bodaboda alikuwa anazungusha simu yake mkono kwa mkono. Humo hamkuwa na wimbo. Kulikuwa na picha ya orodha ya nyimbo za albamu ambayo ilikuwa haijatoka bado, namba 1 hadi 17, na majina ya walioshirikishwa pembeni. Nusu saa nzima ikaliwa na ile picha. Mmoja alihesabu kolabo akaguna, "Huyu kaita mtaa mzima." Mwingine akasema humo ndani hakuna Mnigeria hata mmoja, basi jamaa kaishiwa hela. Fundi simu, ambaye meza yake iko chini ya mwembe pale pale, alikuwa kainamia kioo cha simu ya mtu muda wote. Alipoinua kichwa aliuliza kitu kimoja tu: "Sasa hizo 17, nyie mtazisikiliza zote?"

Kimya kidogo. Halafu kelele.

Nimekuwa nikilifikiria swali lile tangu siku ile, kwa sababu ndilo linalowagawa mashabiki wa Bongo Fleva kila albamu inapotangazwa. Wako wanaotaka albamu kamili, na wako wanaosema msanii mwenye akili aachie ngoma moja moja, albamu awaachie wanaopenda sifa.

Hawa wa ngoma moja moja ndio wengi, na hoja yao si nyepesi. Wimbo mmoja ukitoka peke yake unapata kila kitu: video yake, mahojiano yake redioni, mtindo wake wa kuchezwa TikTok, na mwezi mzima wa kuzoeleka masikioni. Nyimbo 20 zikitoka usiku mmoja, mbili tatu zinapata video na zilizobaki zinazikwa zikiwa hai. Chukua mwaka 2021. Rayvanny alitoa Sound From Africa mwezi Februari, nyimbo 23. Machi ikaja Definition of Love ya Mbosso, nyimbo 12. Oktoba Alikiba akaja na Only One King yenye nyimbo 16, na Novemba Harmonize akaachia High School, nyimbo 20. Hizo ni nyimbo 71 kutoka kwa watu wanne ndani ya mwaka mmoja. Nilijaribu siku moja kuzitaja bila kushika simu. Niliishia ya 11, na mimi najiita shabiki.

Upande huo una mifano mingine ya kujitetea. Zuchu alitambulishwa Aprili 2020 kwa EP, yaani albamu fupi, ya nyimbo 7 tu, na 7 zilitosha watu kumjua. Diamond alitoa A Boy From Tandale mwaka 2018, albamu ambayo baadhi ya nyimbo zake kubwa watu walikuwa wameshazicheza harusini kabla haijatoka. Miaka minne baadaye alipokuja na FOA, ilikuwa EP ya nyimbo 10. Mtu mwenye jina kubwa kiasi hicho akipunguza, anayeanza leo anaongeza kwa ajili ya nani?

Watetezi wa albamu, hasa wenye umri wangu, hukimbilia enzi za kanda. Watakutajia Machozi Jasho na Damu ya Profesa Jay ya mwaka 2001 na kukuapia kwamba waliisikiliza upande A na upande B bila kuruka kitu. Ni kweli, hata mimi. Lakini tuseme ukweli wote: kuruka wimbo kwenye kanda ilikuwa kazi. Ulipeleka mbele kwa kubahatisha, ukapita, ukarudi, na betri zikiwa zimechoka ulitoa kanda ukaizungusha kwa kalamu ya Bic. Tuliusikiliza wimbo tusioupenda kwa sababu kuuvumilia kulikuwa rahisi kuliko kuukimbia. Na msanii mwenyewe alikuwa kashauza kazi yake kwa msambazaji wa Kariakoo kwa hela ya mkupuo, halafu miaka yote akabaki analalamika kwamba hajui zimeuzwa kanda ngapi. Kwa hiyo mtu akinitolea hoja ya "zamani tulikuwa tunasikiliza albamu," huwa simpi alama nyingi.

Hoja inayopigiwa kelele kuliko zote kijiweni ni bando. "Nyimbo 20 zinanimalizia MB." Hapa wa ngoma moja moja wanakosea, na hesabu yake ni rahisi. Wimbo wa sauti tupu wenye ubora wa kawaida hula kama MB 1 kwa dakika. Nyimbo 20 za dakika tatu tatu ni kama MB 60 hivi. Kinachokula bando ni YouTube, maana unalipia picha hata kama huitazami. Na wengi wetu tunasikilizia YouTube kwa sababu ni bure. Ila nayo ina adhabu yake: usipolipia, ukizima kioo muziki unakata. Ndiyo maana utamwona dereva kaegesha pikipiki kivulini, simu iko juu ya tenki inawaka, betri inateremka, na yeye hatazami chochote. Kwa usikilizaji wa namna hiyo albamu haina nafasi kweli. Lakini hilo ni tatizo la njia anayotumia, albamu yenyewe inasingiziwa.

Sasa mtu asidhani urefu wa albamu ni ukarimu. Spotify, kwa mfano, huhesabu wimbo umesikilizwa ukishapita sekunde 30. Katika saa moja ile ile ya shabiki, nyimbo 20 fupi zinahesabiwa mara nyingi kuliko nyimbo 10 ndefu. Msanii anayejaza albamu anajua anachofanya. Baadhi ya zile namba 13, 14, 15 hazikuwekwa kwa sababu zilistahili. Ziliwekwa kwa sababu hazikumgharimu kitu kuziweka. Kwenye hili nawaunga mkono wa ngoma moja moja kwa mikono miwili.

Kuna na ule ujanja wa katikati, ambao naona unazidi kushika. Msanii anaachia nyimbo nne kwa miezi sita, halafu anazikusanya na mpya nane anaziita albamu. Zile nne zinakuja na hesabu zao za kusikilizwa, kwa hiyo siku ya kwanza albamu inaonekana tayari ina mamilioni. Kwa mwenye bando la kuungaunga si vibaya, ameletewa kidogo kidogo. Ila kijiweni wana neno lao: "Katuuzia kiporo." Nami nakubali kwamba usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao tangu 2015 ndio siku ya kuachia muziki duniani kote, unapoteza ladha ukijua theluthi ya utakachokipata umeshakipasha moto mara mia.

Huku kwetu lakini kuna njia ya kusikiliza ambayo Dar wanaisahau, na ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Watu wengi wa Mtwara albamu haiwafikii kwa programu ya simu. Inawafikia kwa flashi na memori kadi. Unakwenda kwa fundi, unamwambia "niwekee mpya," anakuchomekea, unalipa kidogo, unaondoka na nyimbo mia mbili. Kisheria huo ni wizi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haina kona kwenye hilo, na msanii hapati senti. Sitaki kuutetea. Nasema tu kwamba ndivyo muziki unavyosafiri, na kwamba flashi inaitendea albamu jambo la ajabu: inaua mpangilio. Redio nyingi za magari na sabufa za madukani husoma mafaili kwa majina au kwa jinsi yalivyonakiliwa. Msanii na prodyuza wake wamekesha wakipanga wimbo upi ufungue na upi ufunge, huku unafungua ule ulioanza na herufi A.

Nimeshuhudia kwenye basi la Dar. Linatoka Mtwara alfajiri, kondakta anachomeka flashi, na albamu ya nyimbo 20 inamalizika tukikaribia njia panda ya Mnazi Mmoja pale Mingoyo. Mbele kuna zaidi ya kilomita 450. Inaanza upya. Tukifika Nangurukuru imerudia, Daraja la Mkapa imerudia tena. Sasa hapo abiria hana pa kuruka, karudishwa kwenye enzi za kanda bila kupenda. Na hapo ndipo kitu kinatokea: mara ya tatu, wimbo ambao haukuwa na video, haukupigwa redioni, haukutajwa na mtu, unasikia viti vya nyuma wanauitikia. Mama mmoja jirani yangu aliuliza wanafunzi waliokaa mbele yetu, "Wanangu, huo unaitwaje?" Hawakuujua jina. Walijua kiitikio chote.

Wimbo ule usingetoka kamwe kama ngoma ya peke yake. Mtu fulani ofisini Dar angeusikiliza akasema hauuziki. Hiyo ndiyo hoja yangu ya albamu, na naiona nzito kuliko ile ya sanaa na hadithi na mtiririko: ngoma moja moja inanifikia ikiwa imeshachaguliwa na watu wengine. Albamu inaniachia mimi nichague. Nenda kwenye sherehe za unyago likizo ya Disemba, hela ya mnada wa korosho iliyoanza kuingia Oktoba bado ina joto, sikiliza DJ anachopiga saa nane za usiku. Mara nyingine ni namba 9 ya albamu ambayo huko kwingine walishaisahau, kwa sababu mdundo wake unakaa vizuri na miguu ya watu waliokua na sindimba, ngoma ya Wamakonde.

Wenzangu watanijibu, na walinijibu, kwamba huo ni uhuru wa kupekua jalala. Kupata namba 9 moja nzuri umepitia takataka kumi. Siwezi kubisha sana. Tena albamu inabeba hatari ambayo wimbo mmoja haubebi. Harmonize alitoa Afro East, nyimbo 18, Machi 2020. Mwezi ule ule mgonjwa wa kwanza wa corona akatangazwa nchini na mikusanyiko ikapigwa marufuku. Kazi ya muda wote ule ikabaki kwenye simu tu, jukwaani hakuna. Angekuwa anatoa moja moja, wimbo mmoja ndio ungekwama, 17 zingesubiri.

Nimemtaja Harmonize, basi niseme na hili, maana Mtwara huwezi kuongelea albamu ukalikwepa. Mtu kazaliwa Chitoholi, Tandahimba, na "Konde" ya jina lake la Konde Boy ni sisi Wamakonde. Albamu yake ikikaribia, mabishano ya kijiweni yanabadilika ghafla. Hakuna tena anayeuliza urefu. Wanaulizana wajibu. Mzee mmoja muuza karanga, ambaye sidhani kama ana simu ya kioo, aliwaambia vijana: "Huyo ni mjomba wenu, msikilizeni." Kijana akamjibu kwa adabu, "Mzee, mjomba akipika ugali mbichi bado ni mbichi." Watu walicheka, lakini nadhani kijana alimheshimu msanii kuliko mzee. Anayekusikiliza kwa sababu ya kabila hajakusikiliza. Hatakwambia namba 6 ni mbovu, na wewe msanii utaurudia ubovu ule ule kwenye albamu ijayo.

Kwa hiyo nimesimama wapi? Kwenye albamu, lakini si ya 20. Kumi na moja, kumi na mbili, kama alivyofanya Mbosso. Nafasi ya kutosha msanii kujaribu kitu kimoja viwili ambavyo meneja wake anavikataa, na si nyingi kiasi cha kunifanya niwe mchambuzi wa mchele. Fundi simu hakubaliani nami. Anasema mteja hahesabu nyimbo, anahesabu flashi imejaa au haijajaa.

Wiki iliyofuata, albamu ile ya 17 ilipotoka, nilikuwa nimekaa pale mwembeni nikisubiri simu yangu. Akaja mama mmoja anayefanya kazi ya kupamba kumbi, ana sabufa yake na shughuli Mikindani Jumamosi. Fundi akamuuliza, "Mama, nikuwekee zote au nikuchagulie zinazochezeka?"

"Zote, mwanangu," akasema. Akafikiri kidogo huku anatafuta noti kwenye pochi. "Ila ile ya tano niwekee mara mbili."