Museveni na sababu zake za kwenda Juba

Vita vilizuka Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, tarehe 15 Desemba 2013, kati ya wanajeshi wa Rais Salva Kiir na wale waliomfuata Riek Machar, aliyekuwa makamu wake. Haikuisha hata wiki, jeshi la Uganda likawa limeshaingia. Tukaambiwa limekwenda kuwaokoa raia wake. Hapo sina neno, maana Juba ilikuwa imejaa wachuuzi na madereva kutoka Uganda. Lakini kuwaondoa raia ni kazi ya siku chache, na jeshi hilo, UPDF, lilikaa karibu miaka miwili.

Sababu nyingine zikafuata: Kiir, rais aliyechaguliwa, ndiye aliyeomba msaada, barabara ya Nimule, inayounganisha Juba na mpaka wa Uganda, ilindwe, mauaji ya kikabila yazuiwe. Kisha, katikati ya Januari 2014, Museveni mwenyewe akakiri kwamba askari wake wamepigana bega kwa bega na wa Kiir, kilomita 90 hivi kutoka Juba. Huko kulikuwa na raia gani wa kuokoa?

Mimi naamini sababu nzito ni ya zamani zaidi. Kwa miaka mingi Khartoum, yaani serikali ya Sudan, ilimpa Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa Uganda, silaha na maficho, naye akawatesa Waacholi wa kaskazini mwa Uganda akitokea kusini mwa Sudan. Museveni naye alikuwa akiwasaidia SPLA, waasi wa John Garang waliopigana na Khartoum. Na Machar? Mwaka 1997 alitia saini mkataba na Khartoum hiyohiyo. Mtu wa namna hiyo akishika Juba, Kampala ingelalaje? Ongeza na malori ya bidhaa yanayovuka mpaka pale Elegu kila siku.

Hoja hiyo ningeielewa, hata kama nisingeikubali. Ubaya ni kwamba Uganda ni mwanachama wa IGAD, jumuiya ya nchi za eneo hili, na IGAD ndiyo iliyokuwa ikiwapatanisha mahasimu hao Addis Ababa. Kiir, mwenye jeshi la jirani nyuma yake, angekuwa na haraka gani ya kukubaliana? Mkataba ulikuja kusainiwa Agosti 2015.

Bunge la Uganda liliidhinisha kupelekwa kwa askari hao wakiwa tayari vitani. Machi 2025 ikawa vilevile: Mkuu wa Majeshi, Muhoozi Kainerugaba, mwanawe Museveni, akatangaza mtandaoni kwamba vikosi maalumu vimeingia Juba kuulinda mji. Wabunge waliletewa hoja baadaye, nao wakapitisha.