Mwanamke anayehoji kemo anastahili majibu

Dar es Salaam, mwanamke aliyegundulika na saratani ya matiti akiuliza kama kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, ni lazima, ndugu humjia juu: unachezea maisha! Woga wao nauelewa. Wagonjwa wengi hufika Ocean Road, taasisi ya saratani, ugonjwa ukiwa umeshasambaa, na baadhi yao walianzia kwenye mitishamba. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba waliotegemea tiba mbadala peke yake kwa saratani ya matiti walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara tano ya waliotibiwa hospitali. Hapo sina ubishi.

Lakini kuhoji kemo si kuikimbia hospitali. Mwaka huohuo wa 2018 yalitoka matokeo ya TAILORx, utafiti ulioandikisha wanawake zaidi ya 10,000 wenye uvimbe unaolishwa na homoni, usio na HER2 (protini inayoikuza saratani) kwa wingi, ambao haujafika kwenye tezi za kwapani. Wale ambao kipimo cha jeni za uvimbe kiliwaweka katika hatari ya kati ya saratani kurudi waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine dawa za homoni tu, wengine wakaongezewa kemo. Baada ya miaka tisa, waliokuwa hai ni asilimia 93.9 kwa homoni pekee na 93.8 kwa walioongezewa kemo. Zisome tena hizo namba. Kwa takwimu, hakuna tofauti. Maana yake kundi la kemo lilibeba adha zake, kama kunyonyoka nywele, kutapika, kushuka damu na ganzi vidoleni, bila kuongezewa uhai kwa ujumla. Waliofaidika kiasi ni wenye umri wa miaka 50 kurudi chini ambao alama zao kwenye kipimo hicho zilikuwa juu kidogo.

Na ukali wa dawa umewahi kutudanganya. Mwaka 1999, Werner Bezwoda, daktari wa saratani wa Johannesburg, alitangaza kwamba kemo ya dozi kubwa mno inaokoa wagonjwa wa saratani ya matiti. Mwaka 2000 ikabainika kuwa matokeo yake hayakuwa ya kweli. Wanawake wengi walikuwa wameshapitishwa kwenye mateso hayo.

Daktari wa hapa naye ana hoja nzito. Kipimo kile cha jeni ni cha maelfu ya dola. Tena saratani isiyo na vipokezi vya homoni (sehemu za seli zinazoipokea homoni) wala HER2 huwapata zaidi wanawake wa Kiafrika kuliko wa Ulaya, na kwa saratani ya aina hiyo vidonge vya homoni havisaidii kitu. Kemo ndiyo silaha. Uvimbe mkubwa ulioingia kwapani hauna muda wa kusubiri mijadala.

Ila kupima vipokezi hakuhitaji mashine ya jeni. Hufanywa kwenye kinyama kilekile kilichokatwa kuthibitisha saratani. Kwa mama aliyekoma hedhi, mwenye uvimbe mdogo wenye vipokezi vya homoni, usio na HER2, na tezi safi, upasuaji, mionzi inapohitajika, na vidonge vya homoni kila siku kwa miaka isiyopungua mitano vinaweza kuwa tiba kamili. Vidonge navyo vina adha: joto la ghafla, na tamoksifeni, mojawapo ya vidonge hivyo, inaweza kugandisha damu. Anayeviacha njiani anajiweka hatarini.

Kwa hiyo, kabla ya dripu ya kwanza, majibu ya vipokezi yawe kwenye faili, na mgonjwa asomewe kwa Kiswahili anachoelewa. Akiuliza yako wapi, ndugu wamsaidie kuyafuatilia maabara.