Anayerudisha sevu haibi chochote

Mtoto amebanwa na nyoka. Jina lake Arabella, kosa lake ni kujaribu kuiba sanamu takatifu ya madruidi, makuhani wa msituni, na Kagha, mwanamke aliyemkamata, hana dalili ya kusamehe. Wewe umeingia sasa hivi, hata hujajua vizuri nani ni nani humo ndani. Unachagua maneno ya kumsihi. Dadu ya pande 20 inajitokeza katikati ya skrini, inabiringika, inatulia. Imetoa 1. Nyoka anauma, mtoto anaanguka.

Waliocheza Baldur's Gate 3 kwenye kompyuta wanajua kidole kinakoelekea baada ya hapo: F8, kitufe cha kurudisha sevu, yaani kurudi pale ulipohifadhi gemu mara ya mwisho. Unasubiri kidogo skrini ipakie, mtoto yu hai tena, Kagha anarudia maneno yale yale kwa hasira ile ile, na safari hii dadu inatoa 14. Umemwokoa. Au hukumwokoa, inategemea unamuuliza nani.

Tangu gemu hiyo ya studio ya Larian itoke Agosti 2023, ubishi huu haujatulia, ingawa wenyewe ni wa zamani kuliko gemu. Kuna wanaosema dadu ikishaanguka imeanguka, maji yakimwagika hayazoleki, na anayerudisha sevu mpaka apate namba anayoitaka hachezi RPG, gemu ya kuigiza mhusika, anasoma majibu nyuma ya kitabu. Tuwaite washika dadu. Kuna na sisi wengine, ambao tunarudi nyuma, mara nyingi kimyakimya, na tukiulizwa tunajitetea kama tuliokamatwa na mkono ndani ya sufuria. Hapo ndipo kinachonikera: sisi wenyewe tumekubali kwamba ni wizi, tunabishana tu juu ya ukubwa wake.

Washika dadu wana hoja, na iliyo nzito zaidi si ile ya heshima. Ni ya hesabu. Tuseme unahitaji kupata 10 au zaidi kwenye dadu: nafasi yako ni asilimia 55. Ukijiruhusu kurudi mara moja, inakuwa karibu 80. Ukirudi mara mbili, 91. Sasa mtazame mpiganaji wako mwenye Charisma, yaani mvuto wa maneno, ya 8 tu, uliyemjenga kuvunja milango kwa bega. Ukiwa na subira ya kutosha, atawalainisha watu kwa maneno sawasawa na mshairi uliyemtilia alama zake zote kwenye ulimi. Basi kulikuwa na haja gani ya kuchagua mhusika? RPG ni gemu ya kuwa mtu fulani na kutokuwa mwingine, na anayerudi nyuma bila kikomo anafuta tofauti hiyo taratibu bila kujua. Hoja hii sina jibu lake kamili. Nimemwona mhusika wangu mwenyewe akigeuka hodari wa kila kitu, na kusema kweli alinichosha.

Lakini turudi kwenye ile 1, kwa sababu hapo ndipo nadhani tunaonewa.

Baldur's Gate 3 imejengwa juu ya kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons. Katika kanuni hizo za mchezo wa mezani, kupata 1 ni kufeli moja kwa moja unapopiga pigo la silaha. Kwenye majaribio ya ustadi, kama kushawishi mtu au kufungua kufuli, 1 ni namba tu. Ukiwa na bonasi ya 14, nyongeza ya ustadi wako juu ya dadu, na kinachotakiwa ni 10, basi 1 yako inakuwa 15 na umepita. Wewe ni bingwa, na bingwa hashindwi na kufuli la kitoto. Larian walibadilisha. Kwenye gemu yao, 1 ni kufeli hata uwe na bonasi ya kufika mbinguni.

Asilimia tano, unasema, ni kitu gani? Ihesabu basi. Kama dadu ni safi na unarusha moja kila jaribio, ndani ya majaribio 14 tayari una uwezekano wa zaidi ya nusu wa kukutana na 1 angalau mara moja. Ukifika 45, ni karibu asilimia 90. Ukifika 100, na gemu hii inakurushia dadu mara nyingi mno kabla hujaimaliza, nafasi ya kuponyoka bila 1 hata moja haifiki asilimia moja. Maana yake ni kwamba haijalishi umejenga mhusika wako kwa uangalifu gani: kuna mahali utafeli jambo ambalo mtu uliyemjenga hafeli, na mahali hapo hapachagui uzito wa jambo. Panaweza kuwa sanduku la viazi. Panaweza kuwa mtoto na nyoka.

Ni kweli, gemu inatoa ahueni. Kuna alama za Inspiration, unaweza kuweka hadi nne, kila moja ikikupa nafasi ya kurusha tena. Mazingira yakikupa faida (advantage) unarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, na 1 mbili kwa pamoja ni bahati mbaya ya moja kati ya 400. Halfling, mhusika wa jamii ya watu wafupi, naye ana bahati yake ya kuzaliwa. Haya yote nayakubali, ila angalia yanasema nini. Kama kurusha tena kungekuwa haramu, waundaji wasingetupa nafasi nne za kufanya hivyo. Wameweka mpaka pale walipoona panafaa, nasi tunausogeza.

Na kuna kichekesho kidogo ambacho washika dadu hawapendi kukumbushwa. Ndani ya mipangilio kuna kitu kinaitwa Karmic Dice, na usipokigusa kimewashwa. Kazi yake ni kuzuia misururu mirefu ya kufeli au kufaulu. Kwa hiyo mtu anayesimama kutetea dadu takatifu, kama hajawahi kufungua ukurasa ule wa mipangilio, anatetea dadu ambayo imeshatiwa mkono.

Lakini hata dadu ingekuwa safi kama theluji, swali langu lingebaki pale pale: nikifeli, napewa nini?

Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974, mezani palikuwa na mtu. Dungeon Master ndiye anayesimulia, na mbele yake huwa na kizuizi cha karatasi kinachoficha dadu zake, na kila aliyewahi kukaa upande ule wa meza anajua kwamba namba zinazotangazwa si lazima ziwe zile zilizoanguka. Huo si udanganyifu. Ni kazi. Ukifeli kumshawishi mlinzi, yule mtu anakuangalia usoni, anaona umevunjika moyo, anabuni: mlinzi amekataa, lakini mpishi amesikia mazungumzo yenu kupitia dirisha. Kufeli kunageuka mlango mwingine. Kompyuta haikuoni usoni. Ina matawi yaliyoandikwa, na kila tawi lina gharama ya kuandikwa, kuigizwa na kurekodiwa, kwa hiyo matawi ya kufeli mara nyingi ndiyo yanayokuwa mafupi. Anayebonyeza F8 anafanya ile kazi iliyoachwa bila mtu. Amekaa kwenye kiti cha Dungeon Master kwa sekunde kumi, ameamua kwamba hadithi hii haitaenda hivi, kisha anarudi kwenye kiti chake.

Chukua Arabella. Akiishi, utamkuta tena katika sura ya pili, peke yake barabarani kwenye nchi yenye laana ya kivuli, akitafuta wazazi wake, na kuna mengi yanayotokana na hapo. Akifa, hayo yote hayapo. Utapata huzuni ya wazazi kambini, ndiyo, na ina uzito wake, lakini kwa jumla kufeli hapo kunapunguza. Umerushiwa dadu moja, saa za mwanzo kabisa, na kipande cha gemu uliyoilipia kimekatwa bila wewe kujua kilikuwepo. Mtu akirudi nyuma hapo, kosa lake ni lipi hasa? Kutaka hadithi zaidi?

Sasa linganisha na Disco Elysium ya 2019. Nayo inaendeshwa na dadu, mbili za pande sita: sita mbili unapita hata iweje, moja mbili unafeli hata iweje. Kwa hesabu tu ni ukatili ule ule. Lakini mwanzoni kabisa, mpelelezi wako ameamka na mning'inio wa pombe chumbani, tai yake inazunguka juu kwenye feni ya dari. Jaribu kuinyakua. Ukiwa umemjenga dhaifu wa mwili na dadu ikakukataa, moyo unamsimama na gemu imeisha, umekufa kwa sababu ya tai. Nilicheka mpaka nikasahau kukasirika. Ndivyo gemu ile ilivyo kuanzia hapo: sehemu kubwa ya utamu wake umeandikwa upande wa kufeli. Mpelelezi anasema upuuzi, anajiaibisha, mwenzake Kim Kitsuragi anaandika kitu kwenye daftari bila kuinua uso, na wewe unajua kwamba ungepita usingeyaona hayo. Ina majaribio mekundu ambayo hurushwa mara moja tu, na sikumbuki kutamani kurudisha zaidi ya mara chache. Mimi ni yule yule mrudishaji. Kilichobadilika ni gemu.

Hapo ndipo ninapoachana na washika dadu. Wanaona tabia ya mchezaji, mimi naona maoni ya mchezaji. Mahali ambapo watu wengi wanarudi nyuma ni mahali ambapo kufeli hakukuandikwa vizuri.

Waundaji wengine wamejaribu kulazimisha nidhamu badala ya kuitongoza. Kingdom Come: Deliverance ya Warhorse, kutoka Czech, ilipotoka Februari 2018 hukuweza kusevu ovyo: ulale, ufike hatua fulani ya kazi, au unywe kinywaji maalumu, Saviour Schnapps, ambacho ni cha kununua au kutengeneza. Kwenye karatasi inavutia, kila pigano linakuwa na uzito. Kwa mtu mwenye kazi ya asubuhi ilimaanisha kwamba ukiitwa ghafla unapoteza kila ulichofanya tangu mara ya mwisho kulala. Tena gemu ilitoka na hitilafu zake nyingi, kwa hiyo adhabu nyingine hukuipata kwa kosa lako bali kwa kosa la programu. Haukupita muda mrefu sasisho likaongeza uwezo wa kusevu unapotoka. Sioni aibu katika hilo. Waligundua kwamba wachezaji wao wana maisha.

Fire Emblem, mfululizo wa gemu za mbinu za vita, ilichukua miaka mingi zaidi kukiri. Tangu 1990 askari akifa vitani amekufa moja kwa moja, na tangu wakati huo wachezaji wamekuwa wakizima na kuwasha tena ili kuwarudisha. Mwaka 2010 ikaja hali ya kucheza ambayo askari anarudi baada ya pigano. Washika dadu wa enzi hizo walilia kwamba mfululizo umekufa. Kisha mwaka 2017, katika Echoes, kikaja kifaa cha kurudisha hatua nyuma mara chache kwa kila pigano, na mwaka 2019 Three Houses ikaifanya nguvu hiyo kuwa sehemu ya hadithi yenyewe. Yaani kile tulichokuwa tukikifanya kwa kitufe cha kuzimia kimepewa jina, idadi na sababu. Hili ndilo suluhisho ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halimtukani mtu: unarudi, lakini unahesabu.

Wapo pia waliotujibu kwa werevu. Katika Undertale ya 2015, ukimuua Toriel, mlezi anayekupokea mwanzoni, ukajuta, ukarudisha sevu ukamwacha hai, kuna anayekungoja nje ya mlango ambaye anajua ulichofanya, na anakwambia. Hiyo ilinishika pabaya. The Witcher ya kwanza, 2007, ilitumia njia tofauti: matokeo ya uamuzi yanakuja saa kadhaa baadaye, wakati sevu ya zamani iko mbali mno kuirudia. Kote kuwili hakuna aliyekatazwa kitu.

Kwa anayetaka kukatazwa, Larian waliongeza Honour Mode Novemba 2023: sevu moja tu, kikosi chako chote kikifa imekwisha, na ukimaliza unapata dadu za dhahabu. Ni nzuri. Wanaoipenda wana haki ya kujivuna, na nimeona mapigano yakipata ladha ambayo kwingine hayana. Ila hata humo, kuna wanaoiua programu kwa nguvu mara tu dadu inapoanguka vibaya, kabla gemu haijawahi kusevu. Wamejiandikisha wenyewe kwenye mtihani, kisha wanachungulia dirishani. Hao, ukitaka kuwasema, waseme, nami nitakusaidia.

Mimi bado niko kwenye hali ya kawaida, safari ya pili, na mshairi mwenye maneno matamu. Nilipofika kwa Kagha nilisevu kwanza, F5, kabla ya kufungua mdomo.